Kilima cha Salaita na Maganda Yake ya Risasi

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta, nchini Kenya, huona kilima kidogo kilichosimama peke yake nyikani kabla ya kuufikia mji. Hicho ndicho Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 askari wa miguu wa Afrika Kusini, wakiipigania Uingereza, walikishambulia. Jeshi la Wajerumani, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika, likawarudisha nyuma. Mahandaki yangaliko, na maganda ya risasi pia.

Ganda husomwa kitakoni. La Kiingereza lina ukingo uliotokeza. Herufi RL ni za kiwanda cha serikali cha Woolwich, na namba VII ni aina iliyoanza kutumika mwaka 1910. Ganda la Mauser ya Kijerumani halina ukingo huo, bali limezungukwa na mfuo. Lile nene la milimita 11 ni la bunduki ya mwaka 1871, ambayo moshi wa baruti yake ulimfichua mpigaji.

Thamani ya ganda si shaba yake. Likiachwa mahali pake, huonyesha nani alisimama wapi. Likitiwa mfukoni, ni kipande cha shaba tu.

Risasi nzima ni jambo jingine. Miaka zaidi ya 100 yaweza kupita na baruti ikawa ingali hai. Isiguswe, isigongwe, wala isitiwe motoni; watoto waonywe, na polisi waarifiwe. Kilima hicho kimekwisha kuua watu wa kutosha.