Mwanza: Ziwa hili lina samaki wangapi?

Likizo iliyopita nilikwenda na wanangu Mwanza kumsalimu dada yangu, anayekaanga samaki na kuuza jirani na mwalo wa Kirumba. Asubuhi tulisimama ufukweni tukitazama mitumbwi ikirudi. Binti yangu wa darasa la tano akauliza, “Baba, humo ndani wamebaki samaki wangapi?”

Sikuwa na jibu. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na samaki hawapangi foleni wahesabiwe. Lakini dada yangu alikuwa amenieleza usiku uliotangulia kwamba sangara wakubwa hawapati kama zamani, na ada za shule zinatoka kwenye karai lile.

Jioni nikamwaga maharage kwenye bakuli bila kuyahesabu. Tukachukua 20, tukayatia alama kwa kalamu, tukayarudisha na kukoroga. Binti akafumba macho, akachota 30. Matano yalikuwa na alama, yaani moja ya sita. Basi kama yale 20 nayo ni moja ya sita ya yote, bakulini mna kama 120. Tulipohesabu, yalikuwa 127.

Wataalamu hufanya hivyo kwenye mabwawa na maziwa madogo. Huvua, hubandika alama karibu na pezi, huachia, kisha huvua tena. Petersen wa Denmark alikuwa akiwatia samaki alama tangu miaka ya 1890. Kwenye ziwa kubwa kama hili, meli ya utafiti hukadiria wingi wao kwa mawimbi ya sauti.

Dada yangu akauliza, “Kaka, na mvuvi akimpata mwenye alama akamla kimya kimya?”

Tukajaribu. Kati ya yale matano tukajifanya hatukuona mawili. Hesabu ikaruka hadi 200! Samaki akifichwa, ziwa huonekana tajiri kuliko lilivyo, na watu huzidi kuvua.

Mzazi, jaribu mchezo huu jikoni na wanao. Ni hesabu ya sehemu isiyochosha.

Asubuhi ya kuondoka, kijana alimletea dada sangara wachanga kwa bei ya chini. Sheria inakataza kuvua walio chini ya sentimita 50. Dada alimwangalia mpwa wake, akatikisa kichwa, akasubiri mtumbwi mwingine.