Kisumu: Siku ya Kunyamaza Kando ya Ziwa

UKISHUKA ufuo wowote wa wavuvi wa omena upande wa Kenya wa Ziwa Victoria mwezi wa Mei, utakuta mashua zimelala mchangani. Zile taa ambazo usiku wa giza huonekana kwa mbali kama mji mwingine unaoelea majini, hazipo. Wanaume wameketi chini ya mti wakishona nyavu. Kila mwaka, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, serikali hufunga uvuvi wa omena ili samaki hao wadogo wapate nafasi ya kuzaana na kukua.

Mvuvi haipendi miezi hiyo minne. Ana karo ya kulipa na deni dukani. Hata hivyo anajua kwamba ziwa lisipoachwa lipumue, Agosti ikifika atavuta wavu mtupu.

Nimeanza na omena, msomaji mpenzi, ingawa habari yangu ya leo ni ya binadamu. Nataka kukupeleka Kisumu kutazama jambo ambalo wengi wetu mijini tumelisikia tu: siku za tafakari na mafungo ya kiroho ambayo vyuo vikuu vya Kikatoliki huwaandalia wafanyakazi wao. Simaanishi mapadri na watawa pekee. Naongea juu ya karani, mhadhiri, mpishi, dereva na yule anayefagia maktaba.

Mlango unapofungwa

Neno mafungo hutokana na kufunga, na wengi wakilisikia hudhani ni habari ya kukaa na njaa. Katika mafungo ya Kikatoliki watu hula vizuri tu. Kinachofungwa ni mlango: mtu hujitenga na kazi, soko, redio na simu, akakaa kimya mbele ya Mungu wake kwa siku moja, siku tatu, nane au hata thelathini. Ile ya siku moja huitwa siku ya tafakari, na ndiyo inayowafaa wafanyakazi walio wengi, hasa wakati wa Majilio na Kwaresima.

Desturi hii ni kongwe. Injili zinasimulia jinsi Yesu alivyokaa jangwani siku 40. Mwaka 1522 askari mmoja Mhispania aliyekuwa amejeruhiwa vitani, Ignasi wa Loyola, alikaa Manresa miezi kadhaa akisali, na kutokana na aliyoyapitia huko akatunga mazoezi ya kiroho ya siku thelathini yanayofuatwa hadi leo. Papa Pius wa Kumi na Moja alimtangaza kuwa msimamizi wa mafungo yote mwaka 1922. Wala Wakatoliki hawako peke yao. Jirani yako Mwislamu anajua itikafu, pale muumini anapokaa msikitini siku kumi za mwisho za Ramadhani, ameacha shughuli za dunia nje ya mlango.

Je, Kisumu inaingiaje hapa? Reli kutoka Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa mwaka 1901, mji ukiitwa Port Florence. Wamisionari wa Mill Hill waliokuwa wakihubiri Uganda walivuka mapema katika karne hiyo wakaanza kazi huku. Kanisa walilopanda lilikua hata Kisumu ikafanywa jimbo mwaka 1953, na jimbo kuu mwaka 1990. Ukitembelea soko la Kibuye siku ya Jumapili, pale nguo, viatu na viti vya mbao vinapouzwa chini ya jua kali, kanisa kuu la Mtakatifu Theresa liko jirani kabisa.

Vyuo vikuu vilikuja baadaye. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki kilianzishwa na maaskofu mwaka 1984 jijini Nairobi, Papa Yohane Paulo wa Pili akakifungua rasmi Agosti 1985, nacho kikapata hati yake ya serikali mwaka 1992. Kisumu ina Chuo Kikuu cha Uzima, kilicho chini ya jimbo kuu, ambacho kilianza kama chuo kishiriki cha kile cha Nairobi na kinajulikana zaidi kwa kuwafundisha watu wa afya. Hebu fikiria basi mfanyakazi wa mahali kama hapo. Asubuhi anakimbizana na wanafunzi, mchana na makaratasi, jioni na wagonjwa wa nyumbani kwake. Anayefundisha wengine kutunza uhai, nani humkumbusha kuutunza wake?

Twende pamoja

Tuseme wewe ni karani katika chuo cha namna hiyo na umeambiwa Jumamosi kuna tafakari. Utaratibu haubadiliki sana kutoka chuo kimoja hadi kingine, kwa hiyo nitakueleza utakachokuta.

Basi la chuo linaondoka mapema, kabla tuktuk na bodaboda hazijajaza barabara. Mnapita Milimani penye miti mikubwa na nyumba za zamani, au mnapanda vilima vya Riat ambako ukigeuka nyuma unaliona ziwa lote likiwa limetandazwa chini kama sahani ya bati. Ghuba hii ya Winam ni kipande kidogo tu cha ziwa. Ziwa zima lina ukubwa wa karibu kilomita 68,800 za mraba, na Kenya ina takriban asilimia sita peke yake. Waluo huliita Nam Lolwe. Siku nyingine utaona upande mzima umegeuka kijani. Usidhani ni shamba, ni magugu maji yaliyosukumwa na upepo.

Mkifika kuna chai, mkate na viazi vitamu. Kisha kasisi mlezi wa chuo, au mgeni aliyealikwa, anatoa mada ya kwanza kwa dakika arobaini hivi. Mara nyingi huchagua jambo moja: kusamehe, uchovu, au maana ya kazi. Halafu anasema jambo litakalokushtua: "Sasa tutanyamaza mpaka chakula cha mchana."

Saa nzima ya kwanza ni mateso. Mkono unatafuta simu mfukoni. Unakumbuka ankara ya stima, unamkumbuka mtu aliyekutukana ofisini, unaanza kupanga jibu. Unamwona mwenzako amekaa chini ya mwembe na unajiuliza anafikiria nini. Ukisogea karibu na maji unaona mafunjo yakitikisika na fundichuma, yule ndege mwenye kichwa kama nyundo, akitembea polepole kwenye tope akitafuta vyura. Taratibu fujo ya kichwani inapungua. Kinachobaki ndicho ulichokuwa ukikikimbia wiki zote hizo, na kila mtu ana chake.

Hapo ndipo waliozoea wanapokuambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mchana mnakula ugali na ngege, kila mtu akijipakulia. Alasiri, upepo wa ziwa ukianza kuvuma, huwa na Rozari au Njia ya Msalaba, nafasi ya kitubio kwa anayetaka, na mwisho Misa Takatifu. Kabla ya Misa watu hukaa katika vikundi vidogo na kusema waliyoyaona moyoni. Katika kikundi chako kuna mkuu wa idara na kuna mama anayeosha vyombo jikoni. Chuoni huyo mama humsalimu mkuu akiwa ameinamisha kichwa. Hapa zamu ya kusema ni yake, na mkuu anasikiliza.

Mume aliyekwenda jiweni

Usidhani kwamba kujitenga na kelele kuliletwa na meli ya Wazungu. Panda matatu ya Kisumu kuelekea Bondo, na baada ya kilomita kama 29 shuka eneo la Seme uulize Kit Mikayi. Utaonyeshwa miamba mikubwa iliyobebana, imezungukwa na miti, na ndani yake mna mapango.

Jina hilo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Wenyeji husimulia kwamba mzee aliyeitwa Ngeso alilipenda jiwe hilo mno. Kila asubuhi alikwenda akaingia pangoni, akashinda humo siku nzima, na mkewe ikabidi ampelekee chakula huko huko. Watu walipouliza mzee yuko wapi, mke alijibu kwamba amekwenda kwa mikayi wake, yaani mke wake mkubwa. Jiwe ndilo lililokuwa limetangulia moyoni mwake.

Hadi leo watu huja hapa kusali na kufunga, wakiwemo waumini wa Legio Maria, kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki mapema miaka ya 1960. Lakini mimi kila nikiisikia hadithi hiyo humfikiria yule mama. Mzee alipata kimya chake kwa sababu kuna mtu aliyepika, akabeba chungu, akatembea juani. Je, yeye alinyamaza lini?

Nani anabaki langoni?

Swali hilo ndilo linalofaa kuulizwa kila chuo kinapotangaza mafungo. Basi likishaondoka, lango halijilindi. Bweni lina wanafunzi wanaohitaji kula, na jenereta linataka mtu. Kwa hiyo mlinzi anabaki, mpishi anabaki, na mara nyingi ni wale wale mwaka baada ya mwaka. Wenye mishahara mikubwa wanarudi nyuso zikiwa zimetulia, mlinzi anawafungulia lango. Yaliyosemwa kuhusu usawa chini ya mwembe huishia hapo langoni kama hakuna mpango mwingine.

Mpango wenyewe si mgumu. Wafanyakazi wagawanywe makundi mawili, tafakari ifanywe mara mbili, na waliokwenda kwanza washike zamu za wenzao. Mhadhiri akikaa langoni Jumamosi moja hatapungukiwa na shahada yake.

Jambo la pili ni hiari. Katika vyuo hivi huajiriwa Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista, Waislamu na wasio na dini. Waadventista wenyewe Jumamosi ni Sabato yao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 32, husema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Na waraka wa Papa kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, uliotolewa Agosti 15, 1990, ambao huvitaka vyuo vihudumie roho za watu wake, nao hudai uhuru wa dhamiri ya kila mmoja uheshimiwe kikamilifu. Mwajiri anayeita majina getini ili ajue nani hakuja, ameharibu siku kabla haijaanza. Aliyesukumwa atakaa kimya, kweli, lakini atakuwa amenuna.

La tatu nililiona kwa macho yangu. Ofisi moja niliyofanyia kazi zamani, ambayo sitaitaja, ilitupeleka ufuoni kwa kile kilichoitwa siku ya tafakari. Baada ya sala fupi mkubwa wetu alishika kipaza sauti, akazungumza saa mbili juu ya kuchelewa kazini na matumizi mabaya ya karatasi. Ziwa lilikuwa mgongoni mwetu, hatukuruhusiwa hata kuligeukia. Tulirudi tumechoka kuliko tulivyokwenda. Tangu hapo najua tofauti kati ya mkutano na mafungo: katika mafungo, mkubwa naye hunyamaza.

Jumatatu asubuhi

Matunda ya siku hiyo utayaona Jumatatu. Usitarajie miujiza. Labda watu wawili waliokuwa hawasalimiani wanapeana mkono. Labda karani anamjibu mwanafunzi aliyepoteza risiti bila kufoka. Labda mkuu wa idara anamwita yule mama wa jikoni kwa jina, kwa kuwa sasa analijua. Hayo ni madogo, lakini kazini ndiyo hugeuza siku ya mtu ikawa njema au mbaya.

Na wewe usiye na chuo wala kasisi, usijione umeachwa nje. Vituo vya dini hapa Kisumu, kama kile cha kichungaji cha Ukweli, hupokea wageni, ila uulize mapema bei na nafasi. Ukiwa na familia, chukua siku moja. Dunga iko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Nendeni asubuhi, mle samaki mchana, na kati ya hayo mawili mkubaliane kuzima simu zote, ya baba ikitangulia. Watoto watalalamika nusu saa. Baadaye wataanza kuuliza majina ya ndege. Jihadharini na viboko ukingoni, msikalie nyasi ndefu, na muondoke kabla ya mvua ya jioni kufika na radi zake. Na kabla ya kuondoka nyumbani, mwulize yule dada anayewasaidia kazi kama naye amewahi kupumzika mwaka huu.

Agosti ikifika, nendeni tena usiku msio na mwezi mkatazame ziwa. Mashua zitakuwa zimerudi majini, na zile taa zimewaka tena kutoka upande huu hadi ule. Omena watakuwa wamekua, na mvuvi atakuwa na cha kupeleka sokoni.