Mji wa Shaba na Deni la Mti

Mgeni akiuliza Lubumbashi ni mji wa nini, atajibiwa upesi: ni mji wa shaba. Jibu hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Sisi tukaao hapa twajua kwamba chungu hakiivi kwa shaba. Chungu huiva kwa makala, na makala ni mti. Basi tuangalie kidogo habari ya mti katika njia zetu na katika mambo ya kale ya nchi yetu, maana ni deni ambalo hatupendi kulitaja.

Simama alfajiri kando ya barabara ya Kasenga, au ya Likasi, au ya Kipushi. Utawaona wanaume wakija mjini na kinga zao, yaani baiskeli, zimepakiwa magunia ya makala hata mwenyewe haonekani nyuma ya mzigo. Hawapandi, wanasukuma. Wengine wamelala njiani. Malori makubwa yapita karibu nao na kuwatimulia vumbi. Wakifika Ruashi, Katuba au soko la Kenya, akina mama wachuuzi wanawangoja. Hao hufungua magunia na kuyagawa makala kwa mafungu madogo, ili hata mwenye pesa kidogo apate ya kupikia bukari ya siku moja. Jioni mbabula huwashwa mbele ya milango, na moshi watanda juu ya mtaa mzima.

Jambo hili si geni. Kabla ya Wazungu kuja, wazee wa nchi hii walichimba mawe ya kijani, wakayayeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu. Shaba wakaifanya kwa umbo la msalaba, ikaenda mbali katika biashara. Moto wao ulikuwa wa makala. Hakuna msalaba hata mmoja wa shaba uliopatikana pasipo kukata mti.

Mwaka 1910 mji ulianzishwa, ukaitwa Elisabethville, na mwaka huohuo reli kutoka kusini ilifika. Mwaka 1911 kiwanda kilitoa shaba yake ya kwanza. Baadaye yakajengwa mabwawa ya umeme: Mwadingusha katika mto Lufira mwaka 1930, na Nzilo na Nseke katika mto Lualaba katika miaka ya 1950. Umeme ule ulikusudiwa kwanza migodi na viwanda. Hata leo nyaya zapita juu ya vichwa vyetu, na chini yake mama anapepea mbabula. Nyumba nyingi hazina umeme, na zile zilizo nao hukatiwa mara nyingi.

Sasa mji umepita watu milioni mbili, na pori letu la miombo larudi nyuma kila mwaka. Mchoma makala hukata miti, hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huwasha na kulinda siku nyingi, mchana na usiku, moto usitoboke. Katika kilo 100 za kuni hupata kilo 10 hadi 20 tu za makala. Na pori likiondoka, huondoka pia uyoga unaouzwa kando ya njia wakati wa mvua, na viwavi, na asali, na miti ya dawa.

Sikiliza maneno ya sokoni.

“Baba, bei imepanda tena. Punguza kidogo.”

“Mama, pori iko mbali sasa.”

Mama hana la kujibu. Analipa, maana watoto watakula.

Wako wanaosema: wachoma makala ndio wanaoharibu nchi. Tusiseme hivyo upesi. Mtu yule hakati mti kwa kuuchukia. Akata kwa sababu sisi twataka kula. Mwenye shoka ni mmoja, wenye chungu ni wengi. Tukimlaumu yeye peke yake, twajisamehe wenyewe bure.

Basi tufanye nini? Miti mingi ya miombo ikikatwa, visiki vyake huchipua tena, mradi visiki havikung'olewa wala machipukizi hayakuchomwa na moto mkali wa mwisho wa kiangazi. Kwa hiyo mkata miti aache visiki. Kama majani hayana budi kuchomwa, yachomwe mapema, mnamo mwezi wa tano au wa sita, kabla hayajakauka sana. Vijiji vilivyo karibu na mji vipande miti ikuayo upesi kwa ajili ya makala. Nasi wa mjini tusiache mbabula iwake bure: iliyokandikwa udongo ndani hutunza moto, na maharagwe yaliyolowekwa usiku huiva kwa makala machache. Nao wenye mamlaka waufikishe umeme majumbani kama ulivyofikishwa migodini. Hapo mzigo wa pori utapungua kweli.

Shaba ikiisha kuchimbwa hairudi ardhini. Mti waweza kurudi, lakini wataka miaka mingi na watu wenye subira. Watoto wetu nao watataka kupika.