Wapagazi wa Sentimita Mbili

Nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi mjini Kitengela, karibu na barabara iendayo Namanga, anaishi fundi mmoja wa kuandika vibao ambaye kwa muda wa miezi saba aliandika vibao vichache mno. Mabango yanayochapwa kwa mashine yalikuwa yamemnyang'anya wateja, na brashi zake, zilizozoea herufi za vinyozi na mikahawa, zikapata kazi nyingine. Shule moja ya sekondari mjini Kajiado ilimwagiza aiundie mandhari ndogo ya vita kwa ajili ya chumba chake cha historia. Mwalimu aliyeleta maagizo alitaka kituo cha reli cha Kajiado mapema mwaka wa 1916: garimoshi, mahema, na askari wa Mfalme wa Uingereza wakijiandaa kwenda kupigana na Wajerumani. Fedha zilizotengwa zilitosha sanamu 40.

Sanaa hii huitwa diorama. Ina mashabiki wengi Ulaya, Marekani na Japani, na aghalabu huitumia kuonyesha vifaru, ndege na majeshi. Sheria yake kuu ni moja, nayo haina huruma: kila kitu kilichomo ubaoni sharti kipunguzwe kwa skeli ileile. Fundi alichagua skeli ya 1:72. Kwa skeli hiyo, mtu mwenye kimo cha mita 1.65 huwa na milimita 23. Reli ya wakati ule, ambayo upana wake ulikuwa mita moja toka chuma hadi chuma, huwa milimita 14. Ubao wa sentimita 90 kwa 60 huwa kipande cha ardhi cha mita 65 kwa 43, yaani mahali ambapo timu mbili za kandanda zisingeweza kucheza kwa raha. Humo ndimo vita vilitakiwa kuenea.

Kajiado haikuingia katika vita hivyo kwa bahati. Reli ya kutoka Konza kwenda Magadi, iliyojengwa kati ya 1911 na 1915 kwa ajili ya biashara ya magadi, ilipitia hapo, na vita vilipozuka Agosti 1914 ikawa njia ya kufikishia shehena karibu na mpaka. Tarehe 3 Novemba 1914 kikosi cha askari wapatao 1,500, wengi wao Wahindi, kilipanda mlima wa Longido usiku, ng'ambo ya Namanga, kikakutana na Wajerumani na askari wao Waafrika waliokuwa wamejizatiti. Katikati ya mapigano, nyumbu wapatao 100 waliobeba maji walitimuliwa na adui. Jua lilipozama, kikosi kikarudi kilikotoka. Siku zizo hizo jeshi jingine la Uingereza lilikuwa likishindwa Tanga. Longido ilikuja kukaliwa na Waingereza baadaye, na Machi 1916, chini ya uongozi wa Jenerali Smuts, sehemu moja ya jeshi lao ilianzia hapo safari ya kuuzunguka Kilimanjaro. Kila kilichowafikia, kuanzia unga hadi risasi, kilitegemea njia hiyo ya Kajiado na Namanga.

(Neno nyumbu lilizua kicheko katika karakana. Mwanafunzi mmoja aliyetumwa kuangalia maendeleo ya kazi alishangaa jinsi Waingereza walivyoweza kuwatwika maji wanyama wa mbugani, wale wanaovuka nyanda za Kitengela kutoka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Ilibidi aelezwe kwamba nyumbu wa vita ni mtoto wa punda na farasi, ambaye watu wa pwani humwita pia baghala. Mnyama wa mwitu ameliteka jina hilo bara kiasi kwamba mwenyewe wa kwanza amesahauliwa.)

Udongo ulimtaabisha fundi kuliko treni. Alianza kwa kuchota udongo mweusi wa Kitengela, ule unaonata kwenye viatu wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, akauchanganya na gundi nyeupe ya seremala. Ulipokauka ulijipasua wenyewe, nyufa za kupendeza kabisa, lakini ufa wa milimita 5 kwa skeli yake ulikuwa shimo la sentimita 36 ambalo lingevunja mguu wa punda. Akauponda, akauchekecha kwa chujio cha chai, kisha kwa kipande cha soksi ya nailoni. Hata punje ya mchanga yenye milimita moja haikukubalika, maana ubaoni ingekuwa jiwe la sentimita 7. Rangi nayo ilimfunza jambo ambalo mwandika vibao hulichukia: kufifisha. Rangi iking'aa juu ya kitu kidogo, jicho hulitambua hapo hapo kuwa ni kichezeo. Kila rangi aliichanganya na nyeupe kidogo, kana kwamba mtazamaji yuko mbali na mambo haya, na kwa hakika yuko mbali. Migunga aliisokota kwa nyuzi za shaba alizozitoa ndani ya nyaya za umeme, akaipa majani ya sponji iliyosagwa. Ikatokea vizuri, mirefu kwa mifupi, bapa kwa juu, na mmoja alioupinda sana akauacha vivyo hivyo.

Taabu ya kweli ilianza kwa watu.

Maboksi ya sanamu za plastiki aliyoyapata Nairobi yalijaa askari Wazungu wa Vita vya Pili vya Dunia, wamepiga goti, wamelenga, wamerusha bomu. Kwa kisu chembamba aliwakata mikono na kofia na kuwaunga upya hadi wakakaribia sura ya 1916. Kazi hiyo ni ngumu lakini inawezekana, kwa kuwa mavazi ya askari yameandikwa na kupigwa picha hadi kitufe cha mwisho. Mtu anayetaka kujua mkanda wa bunduki ulipita bega lipi atajibiwa. Miongoni mwa mafundi wa diorama kuna maadili yanayoheshimiwa sana: usiweke ubaoni usichoweza kukithibitisha. Ni maadili mema. Lakini yana hila yake, kwa sababu yule ambaye hakuna aliyejishughulisha kumwandika, kwa kanuni hiyo hiyo, hawezi kuwekwa ubaoni.

Na watu hao walikuwa wengi. Mbung'o waliua farasi, maksai na nyumbu katika nyika za vita hivyo, na kadiri majeshi yalivyosonga mbali na reli ndivyo mizigo ilivyozidi kuhamia kwenye vichwa vya binadamu. Waingereza waliunda kikosi cha wapagazi, wananchi wakakiita Kariakoo kwa kuliviringa jina lake la Kiingereza, na jina hilo lingali liko midomoni mwa watu katika mtaa wa Kariokor Nairobi na soko la Kariakoo Dar es Salaam. Walioandikishwa, wengi wao kwa nguvu, walifikia mamia ya maelfu. Vifo vya wapagazi vilivyohesabiwa rasmi vilipita 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga usioiva vizuri. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba makumi ya maelfu ya waliokufa, Waafrika wengi miongoni mwao, hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wenzao wa Ulaya, ikaomba radhi. Miaka zaidi ya 100 ilikuwa imepita.

Fundi alipanda matatu hadi Nairobi kutazama sanamu za shaba zilizosimamishwa mwaka wa 1928 katika barabara ya Kenyatta. Mmoja wa watu watatu waliopo pale ni mpagazi. Alimzunguka mara kadhaa, akachora mgongo na shingo. Ni sanamu nzuri, lakini ni ya mwili uliolishwa. Akarudi Kitengela akasimama mbele ya malori ya saruji, akawatazama mahamali wakishusha mifuko ya kilo 50. Hapo ndipo alipopata alichokuwa akikitafuta. Uzito haupunguzwi kwa skeli. Sanduku la milimita 6 lililobandikwa juu ya kichwa cha plastiki halina uzito wowote, na mtazamaji hulijua hilo bila kuambiwa. Uzito unaonekana kwingine: shingo haigeuki, macho hayatazami miguu, magoti hayanyooki hadi mwisho, vidole vya miguu hutanuka. Aliunda wapagazi wake kwa waya na ile gundi ya mafundi wa mabomba ambayo huchanganywa sehemu mbili ikawa ngumu kama jiwe. Kila mmoja alimchukua jioni mbili. Blanketi, kibuyu, nguo iliyofungwa kiunoni. Zaidi ya hapo hakuongeza. Nyuso aliziacha na kivuli kimoja tu cha brashi.

Kisha likaja suala la hesabu. Mwalimu alikuwa ameandika askari 30 na wapagazi 10. Fundi akapanga kinyume chake, tena akazidisha: askari 6, wapagazi 34. Mwalimu alipofika kukagua alisimama kimya muda mrefu.

"Fundi, wanafunzi wanataka kuona vita."

"Hivi ndivyo vita vyenyewe, Mwalimu. Hao sita wasingefika hata Bissil bila hawa."

"Nakubali. Lakini mzazi akija siku ya wazazi ataniuliza jeshi liko wapi."

"Naye mzazi huyo babu wa babu yake alikuwa wapi? Huenda yumo humu."

Mwalimu hakuwa mtu wa kupuuzwa. Alikuwa na hoja nyingine nzito: chumba cha historia kilihitaji kitu cha kumvuta kijana wa miaka 15 aingie, na bunduki humvuta kijana huyo kuliko gunia. Asiyeingia hafundishwi chochote, si cha askari wala cha mpagazi. Huo ni ukweli ambao watetezi wa waliosahauliwa huukwepa mara nyingi. Fundi naye alikuwa na lake: yule kijana akishaingia na kuona askari 30 wakihudumiwa na watu 10, ameshafundishwa uongo, na uongo wa macho haufutiki kwa maelezo ya ukutani. Walijadiliana hadi chai ikapoa. Hatimaye bunduki ya mzinga ikakubaliwa mbele kabisa, ikiwa imefungwa turubai, na wapagazi wakabaki 34.

Jambo ambalo hakuna kati yao aliyelifikiria lililetwa na jirani, mzee wa Kimaasai aliyekuja kutaka namba ya simu iandikwe kwenye lango lake. Aliuinamia ubao, fimbo nyuma ya mgongo, akautazama bila haraka.

"Kijana wangu, hii ni Kajiado?"

"Ndiyo, mzee. Ya mwaka wa 1916."

"Ng'ombe wako wapi?"

Fundi akaonyesha nyika aliyoitengeneza kwa wiki tano, nyasi za nyuzi za katani zilizokatwa, kichuguu, migunga.

"Naona majani. Nauliza wenyewe. Baba wa babu yangu alikuwa ameletwa huku karibuni kutoka Entorror. Au hakufika?"

Entorror ni jina la Kimaasai la Laikipia. Kwa mujibu wa mkataba wa 1911, Wamaasai waliokuwa wakiishi huko walihamishwa na serikali ya kikoloni hadi hifadhi ya kusini, na uhamisho huo ukakamilika mwaka wa 1913, pamoja na hasara kubwa ya watu na mifugo njiani. Reli ya Magadi iliipita ardhi ileile. Kwa hiyo mwaka uliokuwa ubaoni, nyika hiyo haikuwa pori la kupendezesha picha. Ilikuwa makao ya watu, baadhi yao wakiwa bado na uchungu wa safari. Fundi aliyejitahidi kuwarudisha wapagazi alikuwa amewafuta wengine kwa mkono huohuo, tena kwa nyasi nzuri.

Mzee aliandikiwa namba yake, akatoka. Siku tatu baadaye fundi alikwangua pembe ya kusini ya ubao, akang'oa migunga miwili. Nafasi haikutosha boma zima. Nyumba moja ya kweli ingechukua sentimita kadhaa. Aliweka kipande cha ua wa miiba kilichokatwa na ukingo wa ubao, ng'ombe wanne, na mtu mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja akilitazama garimoshi. Mtu huyo alizidisha sanamu hadi 41, na malipo yake hayakuulizwa.

Upande uleule wa kusini njia ya Namanga inatoka nje ya ubao. Kutoka Kajiado hadi mpakani ni zaidi ya kilomita 80. Kwa skeli ya 1:72, njia hiyo ingehitaji ubao mwingine wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, yaani kutoka mlango wa karakana, kupita stendi ya matatu na kuendelea mbele. Mpagazi wa mwisho amewekwa pale pale ukingoni, mgongo kwa mtazamaji, mguu mmoja umekwisha kuinuliwa.

Ilibaki lebo, na hapo fundi alikuwa katika ufundi wake mwenyewe. Mwalimu alikuwa ameleta maneno yaliyotaja jeshi la Mfalme. Fundi aliandika kwa herufi nyeupe juu ya kipande cha bati cheusi: WAPAGAZI, ASKARI NA WENYEJI, KAJIADO, 1916. Mwalimu alisoma mara mbili, akatoa pochi kulipa salio, akaomba jambo moja tu: mwaka uandikwe mkubwa zaidi, wanafunzi wa nyuma waweze kuuona.