Uma, Viatu na Meza ya Melini

Mtoto wa ndugu yetu mdogo, mzaliwa wa Mulongwe hapa Uvira, amepata kazi katika meli moja kubwa ya watalii inayozunguka bahari za Ulaya. Kazi yake ni kuandaa meza na kupeleka sahani. Juzi alituandikia habari ndefu, nasi tuliisoma mara mbili, maana ilikuwa na jambo lililotugusa kuliko yeye alivyodhani.

«Baba mkubwa,» aliandika, «wageni wetu, hata kabla ya kupanda, huuliza neno moja kuliko yote: Wakati wa kula tuvae nini? Wazee wao huleta tai na koti jeusi, wakaona vijana wameketi karibu nao na suruali fupi. Basi wengine hununa, wengine hucheka.»

Zamani haikuwa hivyo. Katika meli kubwa za Wazungu, zile zilizopita Mombasa kwenda Bombay au kwenda Ulaya, abiria wa daraja la kwanza walijipamba kila jioni kana kwamba wanakwenda arusini. Walisamehewa usiku wa kwanza na usiku wa mwisho tu, kwa sababu nguo zilikuwa bado katika masanduku au zimekwisha kufungwa. Kila mtu alikuwa na kiti chake na saa yake. Kualikwa mezani pa kapiteni ilikuwa heshima iliyozungumzwa hata nyumbani. Meza zenyewe zilikuwa na ukingo wa kuinuliwa pembeni, ili mawimbi yakija sahani zisianguke. Akili njema, sisi twaisifu. Kisha desturi ikalegea kidogo kidogo. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilitangaza kwamba abiria wake watakula saa wapendayo, na watu wapendao, wala hawalazimishwi kuvaa mavazi ya jioni. Wengine wakafuata. Kampuni ya Cunard imeshika bado jioni zake za kujipamba, na wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo hasa.

Lakini kijana wetu akaongeza: «Sheria moja haikulegea, Baba mkubwa. Mtu hawezi kuingia chumba kikubwa cha kulia miguu mitupu.»

Hapo ndipo tulipoiweka barua chini.

Tuanze mbali kidogo. Baba yetu alikuwa karani wakati wa Wabelgiji. Wasomaji wazee wanakumbuka ile kadi ya sifa iliyoanza mwaka 1948, na ile nyingine ya mwaka 1952 iliyomhesabu mtu mweusi kama Mzungu mbele ya sheria, au karibu yake. Waliozitafuta waliitwa kwa Kifaransa évolués. Kuipata haikuwa kazi ya kalamu tu. Wakuu wa Bula Matari walikuja nyumbani kutazama: je, mtu huyu ana meza? Ana vitanda vyenye shuka? Mkewe anakula pamoja naye? Watoto wanashika uma?

Baba alinunua uma sita na visu sita. Kwa muda wa juma nzima tulifundishwa kushika uma kwa mkono wa kushoto, sisi tuliokuwa tumekatazwa tangu kunyonya kugusa chakula kwa mkono wa kushoto! Mama alificha mchi na kinu nyuma ya nyumba. Siku ya wageni tuliketi sote mezani, naye Mama katikati, amevaa viatu vya kuazima vilivyombana. Wakuu walitazama, wakaandika, wakaenda zao. Kadi haikuja. Uma zikawekwa katika sanduku, na jioni ile ile tukarudi kwenye mkeka.

Tusidhani kwamba mkekani hapakuwa na sheria. Twasema hivyo kwa sababu vijana wa leo wanafikiri adabu ya kula ililetwa katika sanduku pamoja na uma. Kwetu mkubwa ananawa kwanza, mdogo anamshikia maji. Hupeleki mkono mahali palipo mbele ya mwenzako. Samaki huguswi kabla mkubwa hajamgawa, na kichwa cha kuhe kina mwenyewe. Huinuki kabla ya wazee, hunusi chakula, husemi ndagala zina mchanga hata kama zina mchanga. Na mgeni akitokea mlangoni wakati wa kula, hakuna anayemwuliza amevaa nini. Anasogezewa maji.

Katika meli za ziwa letu, siku zile za Wabelgiji, mtu wetu alisafiri chini, kati ya magunia na mbuzi, akala alichofungiwa na mkewe. Juu kulikuwa na vitambaa vyeupe. Kisha Uhuru ukaja mwaka 1960, na wengi tukafikiri ngazi ile imevunjwa. Haikuvunjwa. Waliopanda walibadilika tu.

Halafu yakaja mavazi mengine kwa amri. Nchi ilipoitwa Zaire, mwaka 1971, hazikupita siku nyingi tai ikakatazwa, na suti ya Kizungu pamoja nayo. Mwanamume mwenye cheo alipaswa kuvaa abakosti, koti lile la shingo fupi lisilo na tai. Mwanamke alikatazwa suruali na nywele za bandia, akaamriwa kitenge. «Bwana» likaondolewa, sote tukawa «mwananchi». Ng'ambo ya ziwa, Tanzania, vijana wa chama walikuwa wameanza mapema: tangu tarehe 1 Januari 1969, kwa ile Operesheni Vijana, sketi fupi na suruali za kubana zilipigwa marufuku. Basi msichana aliyevuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili alikuwa na mengi ya kufikiri juu ya sanduku lake. Tai ilirudi kwetu siku ya 24 Aprili 1990, katika hotuba ile ile ya Mobutu iliyoruhusu vyama vingi. Tuliona wazee wakichimbua tai zilizoliwa na mende, wakazivaa vivyo hivyo.

Mwaka 1974 sisi tulikuwa mwalimu kijana. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Ikaja habari kwamba mjomba wetu amekufa Kalemie, ikatupasa kushuka kwa matanga, sisi na Mama. Pale Kalundu bandarini tulihesabu fedha. Zilitosha tiketi mbili za daraja la katikati, au tiketi moja ya juu na moja ya chini.

Tulikuwa na abakosti mpya, ya kwanza maishani mwetu. Mama akatutazama, akaitazama abakosti, akasema: «Nenda juu, baba. Wewe ni mwalimu. Mimi nimezoea chini.» Nasi hatukubisha. Hata mara moja hatukubisha.

Jina la meli tutaliacha. Chumba cha kulia kilikuwa na vitambaa, vikombe vya kioo, na karatasi mlangoni iliyokataza miguu mitupu na kandambili. Mezani petu walikuwako wananchi wakubwa watatu wa Serikali. Kwa mara ya kwanza tulishukuru uma za Baba, maana tulijua kushika. Mmoja wao alituuliza habari za shule, tukajibu kwa Kifaransa kizuri, tukajisikia watu.

Basi mlango ukafunguka. Alikuwa Mama. Alikuwa amepanda ngazi zote zile katika upepo wa kusini, kitenge kimelowa, miguu mitupu, na mkononi kifurushi cha majani ya mgomba. Tulijua kilichomo bila kufunguliwa: ugali wa muhogo na ndagala za kukaanga. Alifikiri hatutashiba chakula cha Kizungu.

Mtumishi wa meza akamzuia. Hakuwa mkali, ni haki tuseme hivyo. Akamwambia: «Mama, hapa si pa watu wa chini.» Kisha akageuka, akauliza chumba kizima: «Nani anamjua mama huyu?»

Tulikuwa na kijiko cha supu mkononi. Tulikitazama kijiko.

Mama alitutazama, kwa muda mfupi tu. Akasema: «Samahani, baba. Nimepotea njia.» Akashuka.

Tulikula mpaka mwisho. Lililo baya ni kwamba tulisikia utamu wa nyama, na leo tunaukumbuka bado. Asubuhi, tulipoteremka Kalemie, Mama alitungoja chini na mzigo wake kichwani. Akauliza: «Mlikula vizuri huko juu?» Tukasema ndiyo. Akatupa kifurushi, hakijafunguliwa. Yeye naye hakula usiku ule, alikuwa amekiweka kwa ajili yetu. Tangu mwaka ule, kila Ijumaa Kuu inaposomwa habari ya ua wa kuhani mkuu na moto wa makaa, tunainamisha kichwa mapema kuliko watu wengine kanisani, na jirani zetu hudhani ni ibada.

Mama hakusema neno. Sisi pia hatukusema. Miaka ikapita, ishirini na zaidi.

Vita ya mwaka 1996 ilipoingia Uvira, tulikimbia kwa mtumbwi, tukafika Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu. Mwaka 1997, Mobutu alipokwisha kuanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilianza kuturudisha kwa meli Liemba. Wengi wenu mnaijua. Wadachi waliijenga kule Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande mpaka Kigoma, wakaishusha majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 wao wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, ikaanza safari tena mwaka 1927 kwa jina jipya. Ilikuwa na daraja zake tatu, vyumba vyake vya juu na chumba chake cha kulia, na miaka mingi ilipakia mabwana na mabibi wenye viatu vilivyong'aa. Mwaka ule wa 1997, kwa miezi mitano, ilikwenda mara 22 kati ya Kigoma na Uvira, imejaa watu waliokuwa wamebeba sufuria na watoto.

Daraja halikuulizwa tena. Watu waliketi walipopata nafasi. Sisi tulipata nafasi karibu na mlango wa chumba cha kulia, na Mama, aliyekuwa sasa mzee wa miaka zaidi ya sitini, alitaka kuingia ndani akae mbali na upepo. Akasimama kizingitini. Miguu yake ilikuwa mitupu, maana viatu vilibaki njiani. Akageuka kwetu, akauliza, taratibu kabisa:

«Hapa naruhusiwa?»

Basi tukajua kwamba hakusahau hata neno moja.

Tulishindwa kujibu. Tukamshika mkono, tukaingia naye, tukampa nafasi penye ukuta, kati ya mwanamke wa Fizi mwenye mapacha na mzee mmoja wa Makobola aliyekuwa amevaa, tusicheke jamani, abakosti iliyochanika kwapani. Kila mtu alifungua alichonacho. Ulikuwa unga wa mahindi wa kambini, umesongwa kwa haraka kabla ya kupanda, na ndagala kidogo za Kigoma. Mapacha walilishwa kwanza. Yule mzee akatafuta maji ya kunawa, akamshikia Mama, ingawa kwa desturi ilipasa sisi kumshikia yeye.

Tukasema: «Mama, mwaka ule nilinyamaza.»

Alikuwa anakata tonge. Hakutuangalia. «Najua, baba,» akasema. «Kula, ugali unapoa.»

Alfajiri tuliona milima ya Uvira, na watu wakaanza kuimba kabla hata ya kuona nyumba.

Mama alituacha miaka michache baadaye. Siku hizi watu wetu wanasafiri zaidi kwa boti za mbao kwenda Baraka na Kalemie, wamebanana, na wengi wamekufa majini. Mwezi wa Desemba 2014 meli Mutambala ilipinduka karibu na Kalemie, ikaua zaidi ya watu mia moja. Huko hakuna karatasi mlangoni juu ya viatu, na tungependa sana mtu aandike karatasi juu ya idadi ya abiria.

Tumemjibu kijana wetu. Tulimweleza habari hii yote, naye hakuwahi kuisikia. Alikuwa ameuliza pia, mwishoni mwa barua yake, kama zile uma za babu ziko bado, kwa kuwa angependa kuwaonyesha wenzake picha. Tano ziliibwa wakati wa vita. Mmoja tuliukuta chini ya kitanda tuliporudi. Mjukuu wetu anautumia kuparuza magamba ya samaki, na kwa kazi hiyo, kwa kweli, ni mzuri kuliko kisu.