Mstari Mwekundu wa Mashua Yetu

Sisi tunaokaa pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika twajua ya kuwa maji ndiyo barabara yetu. Kutoka Kalemie hata Moba ni yapata kilometa 140 juu ya maji. Njia ya nchi kavu hupanda na kushuka milima, na mvua huiharibu kila mwaka. Kwa hiyo mama mgonjwa husafiri kwa mashua, na mwanafunzi arudiye shuleni, na gunia la unga wa muhogo, na kikapu cha ndagala. Na kwa kuwa mashua nyingi za pwani hii ni kuukuu, twaona inafaa tuwaeleze jinsi tulivyoitengeneza moja, kusudi wenye mashua wapate shauri, nao abiria wajue la kutazama kabla ya kupanda.

Mashua ya parokia yetu ni ya mbao, urefu wake mita 11, nayo yaendeshwa kwa mota ya mazutu. Ilikuwa imelala mchangani miaka miwili. Halmashauri ya parokia ilitaka kuwatembelea Wakristo wa pwani kituo kwa kituo: Mpala, ambapo Mapadre Weupe walipokea kituo mwaka 1885, kisha Moba, kisha Kapampa iliyo kusini zaidi. Fedha ya kununua mashua mpya haikuwapo. Basi Wakristo walitoa walichokuwa nacho: huyu franka, huyu kuku, huyu debe la mawese, huyu siku tatu za kazi ya mikono yake.

Tangu siku ya kwanza mashauri yaligawanyika. Vijana walitaka mota kubwa zaidi, paa jipya, na rangi nyeupe na buluu. Walisema, “Baba, watu waliotoa sadaka watataka kuiona kazi.” Mzee wetu, fundi seremala, aliwajibu, “Wanangu, mgonjwa havikwi nguo mpya kabla ya kupimwa. Kwanza tumtazame tumboni.”

Tuliiweka mashua juu ya magogo, tukaivuta kwa kamba hata mahali pakavu. Mzee alishika nyundo ndogo na kisu, akapita ubao kwa ubao. Ubao mzima ukigongwa hulia kwa sauti kali. Ubao uliooza hujibu kama boga. Mbao za nje zilikuwa nzima. Lakini chini ya mota, mahali ambapo maji ya mvua yalituama pamoja na uchafu wa mazutu, kisu kiliingia hata mpini. Mataruma manne, yaani mbavu za mashua, yalikuwa yameoza, na mti mmoja wa ile miwili inayobeba mota pia.

Mzee alitueleza sababu. Katika Bahari ya Hindi adui wa mashua ni mdudu atobolaye mbao, lakini maji ya chumvi huzuia kuoza. Huku kwetu mdudu yule hayupo, bali maji ya mvua yakikaa ndani ya mashua huiozesha upesi. Kwa hiyo mashua iliyolala bila kifuniko huharibika kuliko ile ifanyayo kazi kila siku. Aitakaye mashua yake idumu, na aikinge na mvua, aifungulie hewa, na aikaushe chini kabisa, mahali jicho lisipofika.

Hapo shauri la mota kubwa lilikwisha lenyewe. Hata mbao zingalikuwa nzima, mashua ya namna hii, isukumayo maji kwa tumbo lake, ina mwendo wake ulioamriwa na urefu wake. Mashua ya mita 11 haivuki sana kilometa 14 kwa saa. Ukiizidishia nguvu, itainua pua, itazamisha nyuma, na itakunywa mazutu maradufu, faida haipo. Nayo mitikiso itafungua viungo vya mbao kuukuu.

Tukaondoa mataruma mabovu, tukatia mapya ya mti mgumu uliokauka vema. Kisha ilikuja kazi ya kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao. Tulitoa pamba ya zamani yote, tukasokota mpya, tukaipigilia kwa patasi butu, kisha tukafunika kwa lami. Vijana wenye nguvu walitaka kupiga sana. Mzee aliwazuia, maana mbao zikilowa huvimba, na pamba iliyoshindiliwa kupita kiasi husukuma mbao zitoke katika misumari yake. Ndiyo sababu tuliporudisha mashua majini tuliiacha siku tatu karibu na mchanga. Siku ya kwanza iliingiza ndoo nyingi, siku ya pili chache, na siku ya tatu mbao zilikuwa zimebanana.

Mota ile kuukuu tuliifungua yote. Ugonjwa wa kwanza wa mota ya mazutu ni maji na takataka ndani ya mazutu yenyewe. Tukaosha tangi, tukabadili chujio, tukanunua chujio la akiba. Tulibadili mpira uletao maji ya ziwa ya kuipoza mota, maana mpira huo ukipasuka hufanya mabaya mawili pamoja: mota huungua na mashua hujaa maji. Mahali ambapo mhimili wa rafadha, yaani mapanga yasukumayo maji, hutoka nje ya mashua, tulitia kamba mpya yenye grisi. Hapo tone moja moja la maji si kosa. Ukikaza hata pakauke, mhimili utapata moto na kuliwa.

Kazi hizi zote hazionekani, na mtu aweza kuuliza zina faida gani. Ziwa letu lina jibu. Wadachi walijenga meli kubwa huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta hata Kigoma, wakaiunganisha tena. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916, vita vilipowaelemea, waliizamisha wenyewe. Lakini kwanza mafundi waliipaka mashine grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, na mashine zilionekana zafaa bado. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikachukua watu miaka mingi sana kati ya Kigoma na Mpulungu. Grisi ile hakuna abiria aliyeiona, nayo ndiyo iliyoiokoa meli.

Baada ya mbao na mota, tulikaa chini na kalamu. Wanafunzi wafuate hesabu hii. Mota yetu hutumia lita 6 kwa saa, na mwendo wetu ni kilometa 12 kwa saa. Kutoka Kalemie hata Moba ni saa 12 kasoro kidogo, yaani lita 70. Lakini kutoka Mei hata Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma na kuinua mawimbi mbele ya mashua iendayo kusini. Mwendo ukishuka hata kilometa 8, safari ileile yataka saa 17 na nusu, na lita 105. Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: theluthi ya mazutu kwa kwenda, theluthi kwa kurudi, na theluthi ya tatu haiguswi ila kwa shida.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali pa chini kabisa. Duniani ni ziwa la Baikal peke yake lipitalo. Tena mahali pengi chini ya milima kina huanza karibu sana na mawe. Mota ikizimika hapo, nanga haipati chini. Basi tulinunua makasia, tanga dogo, pampu mbili za mkono, na majaketi ya kuelea, moja kwa kila mtu, hata kwa watoto.

Fedha ikaisha. Ya rangi nyeupe na buluu haikubaki. Ilibaki ya kopo moja dogo la rangi nyekundu. Tulipakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watu 22 na mizigo yao, tukahakikisha ukingo umebaki sentimeta 60 juu ya maji, kisha mzee akapiga mstari mwekundu ubavuni, pande zote mbili. Desturi hii si ngeni. Huko Uingereza Samuel Plimsoll aliipigania katika Bunge hata ikawa sheria mwaka 1876, kwa kuwa mabaharia walikuwa wakifa katika meli zilizopakiwa kupita kiasi. Na sisi twakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilipopinduka katika Ziwa Kivu karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka pwani. Wengi walikufa, nao walikuwa karibu kufika.

Siku ya kuondoka mstari wetu ulijaribiwa. Mkristo mmoja, aliyetoa sadaka kubwa kuliko wote, alileta magunia manane ya unga ya kuuza Moba. Mstari ukazama. Nahodha, kijana anayeweza kuwa mwanawe, alimwambia, “Baba, twakuheshimu, na sadaka yako imo katika kila msumari. Lakini maji hayajui nani ametoa.” Magunia yalishushwa. Mzee yule alikasirika, na hata leo salamu yake kwa nahodha ni fupi. Hatuwezi kusema ya kuwa ukweli haukugharimu kitu.

Kupita Mpala mawimbi yalitupiga saa nyingi, na maji yaliruka juu ya pua ya mashua. Pampu zilifanya kazi, ukingo ulibaki juu, na watu 22 walishuka Moba salama.

Wapendwa, kabla ya kupanda mashua yoyote, ulizeni: iko pampu? Liko jaketi la mtoto wangu? Ukingo uko juu ya maji kiasi gani? Ukiona maji yakaribia ukingo, shuka, hata kama umekwisha kulipa. Karibu na usukani tumepigilia medali ya Bikira Maria, Nyota ya Bahari, nasi twasali kila tung’oapo nanga. Lakini mzee alikataa kuipigilia kabla ya kazi kwisha. Alisema si heshima kumkabidhi Mama ubao uliooza.