Kahawa ya Bimkubwa Ukingoni mwa Maji

Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imenitaka niandike juu ya mahali pa kukaa na kunywa kitu kando ya maji katika mji huu. Sababu yao ni kwamba kila msimu wa joto ukiwadia, na wageni wakianza kuteremka kutoka Unguja, Mombasa, Maskati na London, simu yangu hailali. "Wazee tuwapeleke wapi?" Ndilo suala. Mimi si mtembezi wala mjuzi wa mikahawa. Jambo hili nililijua kwa kulazimika, na nitaeleza lilivyonilazimu, ingawa ndani yake mna mambo ya nyumbani. Nimemwomba Kaka ruhusa kabla ya kuyaandika. Amesema niandike, ila nisitie chumvi.

Bimkubwa alikuja kukaa nami Husby majira ya machipuko ya 2017, kwa ajili ya magoti yake. Nyumba aliikuta ina joto, ina maji, ina kila kitu, lakini haina baraza. Kwetu Unguja alizoea kila jioni kushuka Forodhani na shoga zake, wakakaa ukutani wakiangalia majahazi yanaingia, na muuza kahawa akipita akiliza vikombe vyake. Hapa alikaa dirishani akitazama maegesho ya magari. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, watu husema mji huu uko juu ya maji. Hayo maji yenyewe yako wapi?"

Nikaona haya. Stockholm imejengwa juu ya visiwa 14, na mimi mwaka mzima nilikuwa nikiyaona maji kupitia dirisha la treni tu, nikienda kazini na kurudi.

Basi mwezi wa Agosti mwaka ule nikachagua mkahawa mmoja wa kuelea, ule upande wa Kungsholmen. Jina lake silitaji, maana watu wale hawakutukosea kitu cha makusudi. Nikamwita na Kaka. Kaka ndiye wa kwanza kwetu kufika nchi hii. Alikuja na meli 1988, akashuka, asirudi tena baharini. Kwamba Kaka anakunywa bia, sote tulijua, na Bimkubwa alijua, na Kaka alijua kwamba Bimkubwa anajua. Lakini ni jambo ambalo halijapata kuwekwa mezani, na siku ile likawekwa mezani kweli. Kaka kwa mazoea aliagiza bia yake kwa Kiswidi, haraka haraka, akidhani mama hatafahamu. Mhudumu, kijana mdogo mwenye haraka, alipoleta sinia akakosea: chai akaiweka mbele ya Kaka, na lile gilasi la bia lenye povu akaliweka mbele ya Bimkubwa.

Hakuna aliyesema kitu. Bimkubwa alilisukuma lile gilasi taratibu kwa nyuma ya mkono wake mpaka likafika kwa mwanawe, akasema, "Chukua chako." Kisha akageuza kiti akayaelekea maji, na mpaka tunaondoka hakunywa hata funda moja la chai. Kaka naye bia hakuimaliza. Alilipa, akaaga, akaenda zake. Kuanzia siku ile hakuja tena nyumbani. Idi Kubwa haikumleta, na nilipompigia simu alikuwa kila mara yuko zamu. Miezi kumi ilipita hivyo. Bimkubwa hakumtaja, lakini kila akipakua chakula alitenga sahani moja zaidi.

Mimi nikajitia hekima, nikasema kosa ni la mahali. Nikipata mahali ambapo mama hataona haya na Kaka hataona haya, watakaa. Ndipo nikaanza kutafuta.

Kwanza nilijifunza kwa nini mikahawa ya ukingoni ni vile ilivyo. Nchi hii tangu 1955 pombe kali na mvinyo kwa kawaida huuzwa katika maduka ya serikali, yale ya Systembolaget, na dukani kwa kawaida hupati ila bia nyepesi. Lakini mkahawa wenye leseni unaruhusiwa kuuza mezani, na mahali pa majini msimu wake ni mfupi, miezi michache tu ya jua. Faida yao iko kwenye bia na mvinyo, si kwenye chai ya mtu mzima mmoja atakayekaa saa tatu na kikombe kimoja. Sikuwalaumu. Ila nilijua kwamba mkahawa si dawa yetu.

Nikaenda Södermalm kwenye njia iitwayo Monteliusvägen, juu ya jabali, penye mabenchi. Ukikaa pale unaiona Riddarfjärden yote chini yako na Stadshuset ng'ambo. Ni mandhari ya kumfanya mtu anyamaze, lakini pana vilima na ngazi, na mwenye magoti mabovu atafika amekasirika. Fåfängan, mashariki ya Södermalm, vivyo hivyo: mkahawa uko kileleni. Vijana waende, tena waende jioni.

Långholmen nilipapenda. Kisiwa kile kilikuwa gereza mpaka 1975, na majani na miti yake ina historia ya jasho, kwa kuwa wafungwa wa karne ya 19 ndio waliobeba matope kutoka majini wakayamwaga juu ya mwamba mtupu. Leo watu wanaogelea na kutandika mikeka. Lakini siku za joto pwani yake hujaa watu walio nusu uchi, na Bimkubwa nisingeweza kumkalisha pale. Kwa familia zenye watoto ni pazuri sana, msinielewe vibaya.

Evert Taubes Terrass, kule Riddarholmen, ni sakafu pana ya mawe iliyo karibu kabisa na maji, imepewa jina la mtunzi wa nyimbo aliyekuwa baharia ujanani. Kaka angemkubali. Ila upepo wa pale humfuata mtu mpaka ndani ya koti.

Bustani ya Stadshuset ndiyo iliyokaribia kunifaa. Unashuka treni Rådhuset, njia ni tambarare, na ngazi chache za mwisho zinaingia majini kabisa, kama pale kwetu watu wanapoteremkia mashua. Jengo lile la matofali mekundu lilifunguliwa 1923, na ndani yake hufanywa karamu ya Nobeli kila tarehe 10 Desemba. Huwa nawaambia wageni kwamba mwaka 2021 tuzo ya fasihi alipata mtu wetu wa Unguja, Abdulrazak Gurnah, lakini kwa ajili ya korona karamu haikufanywa mwaka ule na nishani yake akakabidhiwa kule kule Uingereza. Mgeni mmoja akaniambia, "Basi na sisi tunywe kwa niaba yake," akamimina chai ya tangawizi. Wakati ule wa utafutaji wangu, hata hivyo, bustani ilikuwa na watalii wengi mno.

Katika kuzunguka huko niliona jambo moja ambalo miaka yote lilikuwa mbele ya macho yangu. Waswidi wenyewe, hata wenye fedha, hubeba chupa zao za kahawa. Anakaa mtu na suti yake kwenye benchi la umma, anafungua mfuko, anatoa chupa na andazi lake, anakunywa, anafuta kikombe, anakwenda. Hapana anayemwuliza amenunua nini. Na wao, wanaoipenda kahawa namna hii, serikali yao iliwahi kuiharamisha mwaka 1756, na baadaye tena zaidi ya mara moja. Nilipomhadithia Bimkubwa alicheka siku ile, kicheko cha kwanza tangu Agosti. Akacheka tena nilipomletea andazi la kardemumma. Alilinusa, akauma, akauliza, "Nani kawafundisha hawa iliki?"

Msimu wa joto wa 2018 mnaukumbuka. Jua liliwaka kama la kwetu, misitu ikaungua, na nyumbani Husby hapakaliki. Siku hizo nikapata habari kwa jamaa mmoja kwamba Kaka kila Jumamosi jioni huwa Strömmen, karibu na daraja la Strömbron, akivua samaki kwa fimbo. Niliingia jikoni nikamwambia Bimkubwa. Hakunijibu. Akaondoka pale alipokuwa amekaa, akachukua kahawa, akaiteka na tangawizi, akajaza chupa, akafunga kashata za nazi katika kitambaa. Ndipo akasema, "Mvuvi hukaa na njaa."

Safari yenyewe ni nyepesi, na hili ndilo nataka wenye wazee walishike. Husby unapanda treni ya buluu, hubadilishi, unateremka kituo cha mwisho, Kungsträdgården. Stesheni ile iko chini sana ardhini, kwa hiyo mtumie lifti, msijaribu zile ngazi za umeme na mtu mwenye fimbo. Ukitoka nje, unakwenda polepole kuelekea upande wa maji, dakika tano kwa mtu mzima, kumi kwa Bimkubwa. Mbele yako ni jumba la mfalme, kushoto kwako gati ya meli za visiwani, na maji yanapita kwa kasi chini ya daraja. Kuvua kwa fimbo pale ni bure kwa kila mtu. Samoni hupanda mpaka katikati ya mji.

Kaka alikuwa amesimama ametupa mgongo. Pembeni yake palikuwa na ndoo, mfuko, na kopo la bia lililofunguliwa. Alipotuona alilivulia koti lake haraka akalifunika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepata?"

"Bado."

Bimkubwa akakaa kwenye benchi. Akatandika kitambaa, akatoa finjani tatu, akamimina. Kisha, bila ya kumtazama, akamwambia, "Hicho ulichokifunika kiweke mbali kidogo. Kisije kikamwagikia kashata."

Sikujua nicheke au nilie. Kaka alilichukua lile kopo, akalipeleka mpaka kwenye pipa la taka, akarudi akapokea finjani kwa mikono miwili. Sisemi kwamba ameacha bia tangu siku ile. Hajaacha, na kanitaka niseme hivyo.

Tulikaa mpaka usiku, ikiwa usiku ni neno lake, maana Julai jua la huku huzama karibu na saa nne, na Bimkubwa alikuwa anangoja Magharibi. Katika kungoja alianza kuyachungua maji. Akamtuma Kaka ateke kidogo katika ndoo, akachovya kidole, akaonja. "Hii si bahari. Haina chumvi."

Kaka akamweleza, na hapo nikamwona tena yule baharia aliyekuwa akituandikia barua. Akamwambia kwamba pale ndipo ziwa la Mälaren linapomwagikia baharini. Ziwa liko juu ya bahari kwa kiasi cha sentimita 70, ndiyo maana maji yanakimbia namna ile, na Strömmen maana yake ni mkondo. Maji ya ziwa ndiyo yale yale yanayosafishwa yakaja bombani kwetu. Na bahari yenyewe ya huku, Baltiki, chumvi yake karibu na mji haifiki hata robo ya chumvi ya bahari yetu.

"Na kupwa hupwa saa ngapi?"

"Haipwi, mama. Wala haijai. Labda sentimita chache tu, huwezi kuona kwa macho."

Hili lilimshangaza kuliko theluji. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na mtu hujua saa ya kwenda pwani na saa ya kurudi kwa kuyaangalia. Akayatazama maji yale yanayokwenda upande mmoja tu. "Sasa," akasema, "hapa mtu anajuaje kwamba muda wa kuondoka umefika?"

"Kahawa ikimalizika," Kaka akamjibu.

Bimkubwa akaitikisa chupa sikioni. Ilikuwa bado.

Miaka mitatu baada ya hapo tulimrudisha Unguja, kwa kutaka kwake, na huko ndiko alikozikwa, Mungu amrehemu. Forodhani aliikuta ina taa, ila Beit el Ajaib, ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020, lilimtoa machozi. Aliniambia katika simu kwamba anakaa palepale ukutani, na kwamba kahawa ya huko sasa wanaizidisha sukari.

Kaka na mimi tunaendelea na Strömmen. Tangu mwaka 2022 shangazi zetu wa Rinkeby na Tensta wamejiunga, na watoto wao, na mwaka jana tulihesabiana watu 19, mabenchi matatu na mikeka miwili. Nani anakunywa nini nyumbani kwake, pale hakuna anayeuliza. Mvua ikinyesha tunahamia chini ya miti ya Kungsträdgården. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia Juni mpaka Septemba, baada ya Alasiri. Kahawa ipo, tangawizi ipo, na kashata shangazi ameahidi. Lakini kila mtu aje na finjani yake, kwa sababu mwaka jana watu sita walinywea katika kifuniko cha chupa, kwa zamu.